Jibu: Faili la msaada la CHM, uliache au uendelee nalo?

Waalaykumu salaam ndugu yangu. Nimekufahamu: programu yako ya stoo inatumika madukani Chake Chake na Wete, msaada wake uko katika CHM (faili moja la Windows lenye kurasa za maelezo ya kutumia programu), na wateja wanalalamika kurasa zinafunguka nyeupe tupu.

Weupe huo mara nyingi si ubovu wa faili. Windows huzuia CHM iliyopakuliwa kutoka intaneti. Ondoa kizuizi kwenye sifa za faili (Properties). Ikifunguliwa kupitia mtandao wa ofisi nayo huzuiwa, tangu sasisho la usalama la 2005. Inakili kwenye kompyuta yenyewe.

Hata hivyo, rai yangu ni uiache. Muundo huu ni wa 1997, simu haziufungui zenyewe, na Gmail hukataa kuubeba kwa kuwa unaweza kuficha programu hatari. Uliotangulia, HLP, Windows 10 haiufungui kabisa.

Tafadhali usianze kuandika upya. Ndani ya CHM mna kurasa za HTML, yaani za aina ya kurasa za tovuti, na amri ya Windows ya hh.exe -decompile inazitoa pamoja na picha. Ziweke kwenye folda ya programu, zifunguke kwa kivinjari bila intaneti. Usitegemee tovuti peke yake. Bando likikatika, muuzaji wa Wete amekwama na mteja mbele yake.

Kazi ngumu ni F1, kitufe cha kuita msaada. Kila dirisha lina namba inayoita ukurasa wake, na orodha ya namba hizo imo kwenye mradi wa asili, yaani mafaili yaliyotumika kuitengeneza CHM. Itafute kabla hujafuta chochote. Ikiwa huna mradi huo wala msimbo wa programu (source code), mwite aliyeiandika programu, usibahatishe.