Maswali Yenu: Picha ya Miraba, Rosa, na Vyanzo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza chuo cha ualimu na mambo matatu yananichanganya. Tumeonyeshwa picha ya mistari myeusi na miraba ya rangi tukaambiwa ni sanaa dhahania, mi sioni kitu humo. Insha yangu ya wahusika wa riwaya ya Rosa Mistika nimepata 4 kwa 10. Halafu kazi nyingine imerudishwa eti sijataja vyanzo, wakati maneno nimeyabadilisha yote! Nisaidie. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na hizo alama.

Miraba ya namna hiyo aliyeivumisha ni Piet Mondrian wa Uholanzi. Sasa usianze na "hii ni nini", anza na macho yako: mistari imekaaje, rangi ipi imepewa nafasi kubwa, ipi imesukumwa pembeni. Na ujue huyu mtu hakuamka siku moja akachora miraba. Tafuta kwenye simu picha zake za miti uzipange kwa miaka, ule mti mwekundu alioanza 1908 bado ni mti kabisa, shina lipo, matawi yapo, ule wa kijivu wa 1911 matawi yameshakuwa mikunjo mitupu, na mtofaa unaochanua wa 1912 shina lenyewe unalitafuta kwa shida. Yaani kakiondoa kitu kidogo kidogo mpaka ikabaki mistari na rangi, hiyo ndo dhahania. Hata huku kwetu ipo, siku ukifika Dar nenda Mwenge kwa wachongaji wa Kimakonde uombe wakuonyeshe mtindo wa mawingu, mpingo umepinda na kutobolewa, hauna uso wala mguu, lakini pitisha mkono uone unavyokupeleka. Ila Tingatinga usiitie humo, wengi wanakosea hapo. Chui wake hafanani na wa porini lakini ni chui, madoa yapo na mkia upo.

Kwenye Rosa, nahisi umeandika "Zakaria ni mkali, ni mlevi" ukahamia kwa mwingine. Sifa bila tukio haina alama. Zakaria anampiga binti yake Rosa kwa ajili ya barua ya mvulana, liandike hilo tukio, halafu jiulize ule ukali ulimfanya nini mtoto, maana akishakuwa mbali na macho ya baba uhuru unamlemea, hakuna aliyemfundisha kuutumia. Hapo unaeleza kwa nini Rosa ni mhusika duara bila kukariri, kwa sababu msomaji anamwona akibadilika na sababu anaiona. Na mhusika bapa, yule asiyebadilika, si kasoro ya mwandishi, hadithi inahitaji watu wa kubaki vilevile.

Sasa vyanzo, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Kubadilisha maneno hakukufanyi mwenye wazo! Hayo ya bapa na duara nimeyaandika hapo juu kama yangu, kumbe ni mwandishi Mwingereza E. M. Forster aliyeyaeleza kwenye mihadhara yake ya Cambridge mwaka 1927, kwenye insha yako lazima umtaje. Kwa riwaya yenyewe, jina la ukoo linatangulia, kwa hiyo ni Kezilahabi (1971), sio Euphrase (1971), nawaona wengi sana wakiandika hivyo. Mwaka 1971 ni wa toleo la kwanza, kimechapwa tena baadaye na kurasa zinaweza kuhama, kwa hiyo andika mwaka wa nakala uliyoshika mkononi, upo nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Wikipedia itumie kama mlango tu, shuka mpaka chini kwenye marejeo yao, kitabu walichokitaja kitafute ukisome mwenyewe ndo ukitaje. Na namba ya ukurasa iandike palepale kwenye daftari ukiwa unasoma, ukisema utarudi kesho kitabu kitakuwa kimeshaazimwa na mwenzio.

Ukiirudia insha nitumie ile aya ya Zakaria na barua, nataka kuisoma.