Msanii amefariki: naweza kuomba ruhusa kazini?

SWALI: Nauza kaunta kwenye duka la dawa la jumla, nina mkataba wa kudumu. Msanii niliyempenda tangu shule ya msingi amefariki na anazikwa Jumatano. Nimwambie bosi ukweli, au niseme nimefiwa na bibi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana. Huzuni hiyo ni ya kweli, usiionee aibu. Ila bibi usimzushie kifo.

Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 kinatoa siku 4 za malipo ukifiwa na mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada, au mtoto wako akiugua au kufariki. Mjomba, shangazi na mkwe hawamo, sembuse msanii. Na siku hizo 4 ni jumla kwa mzunguko wa miezi 36, hata ukifiwa mara tatu. Ukizimaliza kwa uongo, utakapofiwa kweli utategemea hisani ya mwajiri, na siku za nyongeza hazilipwi. Anaweza pia kudai uthibitisho. Akigundua, kosa lako si utoro tena, ni kukosa uaminifu, na hilo hufukuzisha mtu kazi.

Njia safi ni likizo ya mwaka, siku 28. Mwajiri ndiye anayepanga uende lini, kwa hiyo unaomba, hudai. Maombi mengi hukwama kwa kuletwa asubuhi ya siku yenyewe, tena bila kusema nani atashika zamu. Andika leo: “Naomba ruhusa Jumatano kuanzia saa 6 mchana nihudhurie mazishi. Mwenzangu wa jioni amekubali kuwahi kaunta, nami nitamfidia Jumamosi. Ikibidi, muda huo ukatwe kwenye likizo yangu.” Nusu siku hupatikana kirahisi kuliko siku tatu.

Usitoroke tu kwa kuwa mji mzima unaomboleza. Mwigizaji Steven Kanumba alizikwa Kinondoni, Dar es Salaam, tarehe 10 Aprili 2012, Jumanne, mara tu baada ya Pasaka. Maelfu walijaa viwanja vya Leaders, lakini ilikuwa siku ya kazi.

Ukikosa usingizi hata wiki mbili baada ya mazishi, nenda kwa daktari. Akikuandikia mapumziko, hiyo ni likizo ya ugonjwa: siku 63 za mshahara kamili, kisha 63 za nusu mshahara. ED (cheti cha daktari cha kupumzika kazini) ya kununua usiiguse.

SWALI: Raila Odinga alipofariki Oktoba 2025, Rais alitangaza siku 7 za maombolezo, lakini mwajiri wetu alitutaka kazini. Hakukosea? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Hakukosea. Maombolezo ya kitaifa hushusha bendera nusu mlingoti, hayafungi kazi. Mapumziko yalikuwa siku iliyotangazwa rasmi, Ijumaa tarehe 17. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 haina likizo ya msiba hata wa mzazi. Tazama mkataba wako au ule wa chama cha wafanyakazi. Usipoikuta humo, omba kwenye siku zako 21 za mwaka, kwani kukosa kazini bila ruhusa ni kosa kubwa chini ya kifungu cha 44, na unaweza kufutwa papo hapo. Kama ulifanya kazi hiyo Ijumaa, linganisha hati yako ya mshahara na kipengele cha sikukuu kwenye mkataba, na tofauti yoyote idai kwa maandishi.