Usinunue hiyo kompyuta ya kutafuta viumbe wa anga, mradi haugawi kazi tena

Wewe bana weka hiyo pesa chini kwanza. Eti unatoa 70,000 kwa sacco ununue kompyuta ya mkono wa pili yenye kadi kubwa ya grafiki, uiache usiku kucha ikifanyia kazi SETI@home, ule mradi wa kutafuta viumbe wa anga, halafu unauliza darubini gani nzuri na kama mtoto wako wa gredi 6 anaweza kusaidia. SETI@home imeacha kugawa kazi tangu Machi 2020! Ilianza Mei 1999 pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikuwa wanachukua mawimbi ya redio yaliyonaswa na dishi la Arecibo kule Puerto Rico, wanayakata vipande vidogo, kila kipande kinatumwa kwa kompyuta ya mtu nyumbani, inachambua ikitafuta ishara isiyo ya kawaida, inarudisha majibu. Mamilioni ya watu walijiunga. Baadaye wakaona ya kugawa yametosha, wakakaa chini kuchambua yale yaliyorudishwa, na Desemba 2020 dishi lenyewe likaporomoka. Wewe sasa unanunua jembe na shamba lilishauzwa.

Mimi nililimia hapohapo 2022. Kuna jamaa wa YouTube, simtaji, video yake ilikuwa ya zamani lakini kaiacha hivyo hivyo, anaongea kama kila kitu kiko sawa, "mashine yako inaweza kuwa ya kwanza kunasa salamu". Nikaenda maduka ya Luthuli, Nairobi, na hiyo video kwa simu, muuzaji akaitazama sekunde mbili akaniambia hii kadi boss ni ya NASA kabisa. NASA gani, na mradi ulikuwa wa chuo! Lakini nani anabishana na mtu ameshaanza kukufungia mzigo kwa katoni. Nikalipa, nikaiweka sebuleni, nikafunga BOINC, ile programu inayopokea kazi za mradi, nikajiunga, na kwa vile tovuti bado ipo na jina langu limekubaliwa nikajua niko kazini. Feni zinazunguka, taa nyekundu na buluu zinawaka, mimi naamka saa nane usiku kuangalia kama tumempata mtu. Programu yenyewe ilikuwa inaandika kabisa kwamba mradi hauna kazi, ila nikadhani foleni ni ndefu, si unajua dunia ina watu wengi. Tokeni za stima zinaisha kama maji, mke wangu ananiuliza hao wageni wanakuja lini ndio aongeze unga. Nikamwambia wako kwa jam ya Mombasa Road.

Nilipong'amua nikarudi dukani. Wakaniambia bidhaa ikitoka hairudi. Yule wa YouTube naye nikamwandikia kwa adabu, akanijibu kuna darasa lake la mtandaoni la kulipia. Shenzi kabisa.

Kwa hivyo sikia, na ulishike hili hata ukisahau mengine yote: kabla shilingi haijatoka, fungua mradi wenyewe kwa simu uliyo nayo na ufanye kazi moja mpaka iishe. Ukikosa kazi ya kufanya, hakuna cha kununua. Hata mtu akikuonyesha cheti, hata akikuonyesha kofia ya NASA.

Zooniverse, tovuti ambapo watu wa kawaida wanasaidia wanasayansi, nenda ujaribu sasa hivi, ni bure, inafunguka kwa brauza ya simu. Kuna Planet Hunters TESS pale, mradi wa kutafuta sayari kwa data ya darubini ya angani iitwayo TESS, unaonyeshwa mchoro wa mwanga wa nyota, unatia alama mahali mwanga umeshuka kidogo, maana sayari ikipita mbele ya nyota yake mwanga hupungua. Kadi ya grafiki haihitajiki, ni macho tu. Ile nyota iliyopewa jina la Boyajian, ajabu yake iligunduliwa na watu wa kawaida hivyo hivyo, kwa data ya Kepler, darubini nyingine ya angani, mwanga wake ulikuwa unashuka hadi asilimia 22 bila mpangilio, watu wakaanza kusema labda kuna mitambo ya viumbe imeizunguka. Sasa hivi wataalamu wengi wanasema ni vumbi. Vumbi! Lakini walioliona kwanza walikuwa watu wamekaa kwao.

Darubini waulize wengine humu. Kama umeshaacha dipositi, toka sasa hivi uifuate kabla duka halijafungwa, na usikubali wakupoze na kibodi yenye taa. Mimi ninayo.