Sikiliza boti yako kutoka chini ya maji

Nimeendesha boti za watalii kwa miaka mingi nikijisifu kwamba yangu haina kelele. Majisifu yaliisha siku mtafiti mmoja aliponivisha spika za masikioni zilizounganishwa na maikrofoni aliyoishusha majini. Kwanza niliwasikia kamba wakidatika kama chumvi ya mawe iliyotupwa motoni. Kisha kijana wangu akapita na boti yangu, mita mia mbili hivi kutoka tulipokuwa. Ilikuwa kama mtu anaburuza mabati kichwani mwangu, na kamba sikuwasikia tena mpaka boti ilipotokomea.

Majini sauti hukimbia mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara 4 ya hewani, na hufika mbali ambako mwanga haufiki. Ndiyo maana pomboo na nyangumi hutafutana kwa masikio. Ukiwapigia kelele, umewafumba macho.

Basi anza na pangaboi linalosukuma boti majini. Likizunguka kasi mno huzaa viputo kwenye mapanga yake, na viputo vikipasuka ndipo inapotoka kelele kubwa ya chombo. Mara nyingi injini husingiziwa tu. Langu lilikuwa na pengo la ukubwa wa ukucha ambalo nililipuuza misimu miwili. Lilipotengenezwa na mwani ukakwanguliwa, mtetemo ulipungua miguuni na mafuta yakaanza kubaki tangini.

Halafu mwendo. Punguza mapema, taratibu, kabla hujawakaribia wanyama; kukaza na kuachia mafuta ghafla mbele yao ndiyo karaha yenyewe. Hata meli za mizigo zimejaribu: mwaka 2017 bandari ya Vancouver, Kanada, iliziomba zipite mlango wa bahari wa Haro Strait kwa mwendo wa noti 11 (kilomita 20 hivi kwa saa) kwa ajili ya nyangumi wauaji, na kelele ikashuka. Utaniuliza, ikienda polepole si itapiga kelele muda mrefu zaidi? Ni kweli, ila kelele yenyewe huwa ndogo kiasi kwamba kwa meli nyingi faida inabaki. Isipokuwa zile zenye mapanga yanayogeuzwa mlalo. Baadhi yake huzidisha kelele zikipunguza mwendo, kwa hiyo zipimwe kwanza.

Kwa wanaopigilia nguzo baharini, siamini sana ushauri wa kuanza na mapigo hafifu tu ili wanyama wakimbie kwanza. Pomboo atakimbia, mayai ya samaki yataenda wapi? Dai pazia la viputo: bomba lenye matundu hulazwa chini kuzunguka nguzo, hewa ikasukumwa, na ukuta wa viputo ukameza sehemu ya mshindo. Ujerumani imeweka kikomo cha desibeli 160 kwa umbali wa mita 750, na nguzo bado zinajengwa. Usizilinganishe tu na desibeli za hewani, vipimo vyake havianzii mahali pamoja. Niliwahi kuaibika kikaoni kwa kosa hilo.

Na ukitia nanga, zima kipima kina, maana nacho hupima kwa kupiga sauti majini. Kijana wangu husahau mpaka leo.