Watu Wangu Wamesimama kama Milingoti

SWALI: Shikamoo kaka. Nimepata kwenye vitabu vya mtumba kile cha Stan Lee na John Buscema cha kufundisha kuchora katuni. Nafuata kila hatua, lakini watu wangu wanasimama kama milingoti, na maneno hayaenei kwenye viputo vya mazungumzo. Nifanyeje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kitabu hicho cha mwaka 1978 ni kizuri, ila kinafundisha mashujaa wa Marekani, watu wenye urefu unaopita vichwa vinane (yaani urefu wa kichwa chao mara nane na zaidi). Ukimchora muuza kahawa kwa kipimo hicho, utapata jitu limeshika birika. Mpe vichwa saba, au hata pungufu.

Hatua ambayo wengi huiruka ni ile ya vijiti, yaani kumchora mtu kwa mistari mitupu kwanza. Kabla ya misuli, piga mstari mmoja uliopinda kuanzia utosini hadi kisiginoni, kisha ujenge mwili juu yake. Mstari ukinyooka, misuli uichore utakavyo, mtu hatembei. Nenda stendi uchore makonda wanaoning'inia mlangoni, kila mmoja kwa dakika moja tu. Ufutio uache nyumbani (najua utaubeba).

Kuhusu viputo, andika maneno kwanza kwa penseli, uyazungushie kiputo, ndipo uchore watu kwenye nafasi iliyobaki. Mhusika akiwa msemaji sana, mgawie fremu mbili. Halafu chora kwenye karatasi ya A3, upunguze kwa fotokopi hadi A4. Mikwaruzo mingi hutaiona. Wino usinunue kwanza.