Milioni 12 za leseni si bajeti ya mfumo

Ndugu, umesema duka lako la vifaa vya ujenzi lina matawi matatu, umepewa bei ya leseni ya mfumo wa kompyuta wa mauzo na stoo, shilingi milioni 12, na unauliza kama zinatosha kwa mradi mzima. Hazitoshi. Kwanza angalia kama bei hiyo ina VAT ya 18% ndani. Kisha omba mchanganuo: usakinishaji, mafunzo, kuunganisha na risiti za TRA, matengenezo ya kila mwaka. Ongeza kompyuta, UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) na intaneti ya akiba kwa kila tawi, halafu tenga kama 15% ya dharura.

Kinachokwamisha wengi ni orodha ya bidhaa. Utakuta "nondo 12mm", "Nondo mm 12" na "nondo ya 12" ni bidhaa tatu kwenye Excel, na misumari inanunuliwa kwa katoni lakini inauzwa kwa kilo. Usipoweka uwiano wa vipimo hivyo mapema, stoo itasoma hasi kwenye mfumo wiki ya kwanza. Mpe mtu mmoja anayeijua stoo kazi ya kusafisha orodha, wiki tatu hivi, bila kumrudisha kaunta. Mshahara wake huo nao ni gharama ya mradi.

Anzeni kuutumia mfumo kwenye tawi dogo, tarehe mosi, baada ya kuhesabu mali usiku wa kuamkia siku hiyo. Desemba msiguse.

Malipo yagawe: 30% mkisaini, 50% mkimaliza majaribio, 20% baada ya kufunga hesabu za mwezi wa kwanza. Muuzaji akikataa hiyo 20%, tafuta mwingine.