Hela zinazolipiwa Dar si zote za Dar

SWALI: Shikamoo mzee. Nina duka la vifaa vya ujenzi Mbagala. Kuna jamaa anapita kwenye magrupu ya WhatsApp anasema sehemu kubwa ya kodi ya nchi hii inatoka Dar, kwa hiyo tukibaki na hela zetu na mamlaka yetu wenyewe tutakuwa kama Singapore, na mitaro inayotujazia maji kila masika itajengwa. Kitaalamu hilo linawezekana, na je, tunapaswa kulidai?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nimefanya kazi ya fedha za halmashauri zaidi ya miaka 20 na hili swali naulizwa kila mvua ikinyesha, na kila mara linakuja na hiyo hiyo hoja ya kodi inayotoka Dar. Nianze na hiyo hoja kwanza, mitaro yako nitaifikia, maana hiyo ndo inaharibu mjadala wote.

Kodi kukusanywa Dar haina maana imetoka Dar. Kontena la mfanyabiashara wa Kahama linashuka bandarini Kurasini, ushuru wa forodha na VAT vinalipwa pale pale kabla mzigo haujapanda lori, TRA wanaandika makusanyo ya Dar, lakini anayeibeba ile kodi mwishoni ni mama anayenunua bati kule Kahama. Kampuni inachimba dhahabu kanda ya ziwa, faili lake liko idara ya walipakodi wakubwa, na idara hiyo iko Dar. Mtu ananunua vocha Sumbawanga, kampuni ya simu inalipa kodi kutoka makao makuu yake hapa. Sasa ukizichukua zote hizo ukasema ni zetu wana Dar, unakuwa umehesabu jasho la nchi nzima kwa sababu tu dirisha la kulipia liko mtaani kwako! Hili si jambo la siri, karani yeyote wa mapato analijua, na ndo maana nakasirika nikiona mtu anawauzia watu hiyo hoja kama utafiti.

Halafu Singapore. Singapore haikudai kujitenga ikashinda, ilitolewa kwenye shirikisho la Malaysia tarehe 9 Agosti 1965, na mpaka leo sehemu ya maji yake inatoka Johor, ndani ya Malaysia, kwa mkataba wa 1962 unaoisha 2061. Sisi maji yetu yanatoka wapi? Ruvu Juu na Ruvu Chini, mitambo iko mkoa wa Pwani na mto wenyewe unalishwa na milima ya Uluguru kule Morogoro. Mnakumbuka mwishoni mwa 2022 mto ulivyopungua, mgao wa maji ukaingia jiji zima. Bwawa la Kidunda linalojengwa kutuokoa liko Morogoro pia. Umeme ni gesi ya Songosongo na Mnazi Bay na maji ya Rufiji. Na wenzetu wa Mtwara mwaka 2013 walisimama wakasema gesi haitoki kwao kuja Dar, watu wakapoteza maisha katika vurugu zile, na sisi huku tulisema rasilimali ni ya Watanzania wote. Leo tunageukaje tuseme bandari ni yetu peke yetu?

Sasa kisheria. Serikali za mitaa zimo kwenye Katiba, ibara ya 145 na 146, lakini mamlaka yake yanatokana na sheria za Bunge, kilichotolewa kwa sheria kinaondolewa kwa sheria. Dar imeshayaona hayo. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu ya manispaa ilivunjwa na Ilala ndo ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Wewe wa Mbagala uko Manispaa ya Temeke, kwa hiyo hata ukisema jiji letu lipewe mamlaka, kwa karatasi zilivyo jiji ni la jirani yako! Yani hatuna chombo kimoja kilichochaguliwa na watu wa Dar nzima. Halmashauri tano, kila moja na madiwani wake na meya wake, mkurugenzi anateuliwa na Rais, barabara za mitaa ziko TARURA, maji DAWASA, mwendokasi DART. Mto Msimbazi unaanzia milima ya Kisarawe mkoa wa Pwani, unapita kwenye halmashauri zaidi ya moja, unaingia baharini pale Salenda, na kila aliye juu anamsukumia maji na taka aliye chini mpaka barabara ya Jangwani inafungwa. Hapo ndo kwenye tatizo lako la mitaro, mtaro ukijengwa Temeke bila kujua maji ya juu yanapita wapi unahamisha tu mafuriko nyumba ya pili.

Kwa hiyo ndio, mamlaka tudai, ila tudai yale yanayotuhusu. Mimi ningedai vitu viwili. Kwanza chombo cha Dar nzima cha mitaro, taka, usafiri na mipango miji, chenye wajumbe wa kuchaguliwa na bajeti yake. Pili kodi ya majengo. Hii ndo kodi ya mji kweli kweli, nyumba haihami, na thamani yake inapanda kwa sababu ya barabara na mtaro uliojengwa mbele yake. Lakini 2016 ikahamishiwa TRA, 2021 ikawekwa kwenye LUKU kwa kiwango kimoja, nyumba ya kawaida ya Masaki na ya vyumba viwili Mbagala kwa Mangaya zinakatwa sawa sawa, na mara nyingi anayekatwa ni mpangaji maana ndo ananunua umeme. Irudi halmashauri, nyumba zithaminiwe, wenye nyumba za gharama walipe zaidi. Huyo jamaa wa magrupu hilo halisemi kwa sababu litamgusa na yeye, kudai hela za bandari ni rahisi, kumwambia mwenye ghorofa alipe si rahisi.

Na hata mkipewa, angalieni Nairobi. Katiba yao ya 2010 iliwapa gavana wa kuchaguliwa na kodi ya ardhi na majengo mikononi mwao, lakini kwa miaka waliendelea kutoza kwa daftari la thamani la mwanzoni mwa miaka ya 80, madeni yakarundikana, na Februari 2020 gavana akasaini kurudisha afya, usafiri, ujenzi na mipango miji kwa serikali kuu, huduma hizo zikasimamiwa na jenerali wa jeshi mpaka 2022.

Nimeona hoja hii hii ya kodi ni yetu inaanza kusikika Mwanza, na Arusha wanasema utalii ni wetu. Anayeileta muulizeni daftari la majengo la halmashauri yake lina nyumba ngapi na ngapi zimethaminiwa. Wewe huko Mbagala anza na mtendaji wa mtaa na diwani, omba kuona ramani ya mtaro wenu unamwaga maji wapi.